Kisanduku cha mafuta, kemshafti mpya na tyuna iliyofaa: uchambuzi wa kisa kimoja

Pikipiki na mwenyewe

Kisa hiki kinahusu pikipiki kubwa ya safari yenye injini ya silinda mbili za mkao wa V, inayopozwa kwa hewa, ujazo wake ukizidi kidogo cc 1,600. Mwenyewe ni mtu wa safari ndefu, mara nyingi ana abiria nyuma na mizigo pembeni. Majina, mwaka wa pikipiki, gereji na mahali nimeviondoa. Mimi niliingia katikati, kisanduku cha kwanza cha kurekebisha mafuta kikiwa kimeshafungwa na kemshafti mpya (mhimili unaofungua valvu) imeshaingia, kazi yangu ikiwa kusoma rekodi za injini na kusaidia kuchagua kifaa cha pili. Yaliyotangulia nimeyapata kwa mwenyewe, ambaye alikuwa ameyaandika kwenye daftari hatua kwa hatua. Daftari lile lilirahisisha sana kazi yetu.

Swali alilokuja nalo ndilo ninaloulizwa na karibu kila mtu mwenye pikipiki ya injekta (kinyunyizio cha petroli) iliyofanyiwa mabadiliko: "Fundi, tyuna gani ndiyo bora?" Tyuna ni kifaa cha kuseti upya mafuta ya injini, na baadhi pia wakati wa kuwasha moto. Swali hilo halijibiki mpaka lijibiwe jingine kwanza: umebadilisha nini kwenye injini, na kompyuta inatumia jedwali gani kukishughulikia kitu hicho? Mwenye pikipiki hii alinunua kifaa kwanza, akajiuliza swali hilo baadaye, na sehemu kubwa ya kisa inatokana na mpangilio huo.

Kompyuta ilivyofanya kazi kabla ya kuguswa

Pikipiki hii haina kifaa cha kupima moja kwa moja hewa inayoingia. Kompyuta ya injini, ile mafundi wanayoiita ECU, hupiga hesabu. Inasoma shinikizo la hewa kwenye njia ya kuingilia, kasi ya injini na joto la hewa, kisha inaangalia kwenye jedwali silinda hujaa kwa asilimia ngapi katika hali hiyo. Ikishajua hewa, inajua mafuta, na inaifungua injekta kwa milisekunde kadhaa. Jedwali hilo liliandikwa kiwandani kwa kemshafti ya kiwandani, chujio la hewa la kiwandani na ekzosi ya kiwandani. Ukibadilisha kimojawapo, hewa halisi inaachana na hewa iliyoandikwa, na kompyuta haina macho ya kuliona hilo.

Ina pua, lakini pua yenyewe ni finyu. Kila bomba la ekzosi lina sensa ya oksijeni ya aina ya masafa finyu, inayotoa volti kati ya 0 na 1 hivi na kuruka ghafla kwenye eneo la volti 0.45. Inachoweza kusema ni kwamba mchanganyiko ni mzito au mwepesi kuliko uwiano wa hewa 14.7 kwa petroli 1. Ni mzito au mwepesi kwa kiasi gani, haisemi. Ukiendesha kwa mwendo tulivu, kompyuta inazisikiliza sensa hizi na kurudisha mchanganyiko kwenye uwiano huo tena na tena. Ukifungua mafuta kwa nguvu, inaziacha na kufuata jedwali peke yake.

Uwiano wa 14.7 ni wa petroli isiyo na pombe. Petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli inahitaji takriban 14.1. Ndiyo maana watu wanaoseti injini kwa makini huzungumza kwa lamda: lamda 1.00 ni uwiano kamili kwa mafuta yoyote, chini ya hapo ni mzito, juu ya hapo ni mwepesi. Injini nyingi za petroli hutoa nguvu nyingi zaidi karibu na lamda 0.87 hadi 0.90, na huendeshwa kwa mwendo tulivu karibu na 1.00. Nitatumia lamda hadi mwisho.

Awamu ya kwanza: ekzosi, chujio na kisanduku cha kuchomeka

Mabadiliko ya kwanza yalikuwa ya kawaida: ekzosi nzima iliyo wazi zaidi na chujio la hewa lenye njia pana. Mlio ulimpendeza, injini haikumpendeza. Kwenye mwendo tulivu wa mizunguko 2,300 hadi 2,800 kwa dakika ilikuwa ikivuta na kulegea yenyewe bila mkono kusogea, akiachia mafuta ekzosi ilikuwa ikitoa milipuko midogo mfululizo, na joto kwenye paja la kulia lilizidi. Dalili hizo tatu kwa pamoja zinaelekeza kwenye mchanganyiko mwepesi, ingawa milipuko ya kuachia mafuta mara nyingi huletwa pia na hewa inayopenya kwenye maungio ya ekzosi, na hilo halikukaguliwa wakati huo.

Gereji iliyofunga ekzosi ilimuuzia kisanduku cha kuchomeka. Kinakaa kati ya kompyuta na injekta, kinapokea amri ya kompyuta, kinairefusha au kuifupisha kidogo kwa asilimia iliyoandikwa ndani yake, kisha kinaipeleka kwenye injekta. Kompyuta yenyewe haiguswi. Ukikichomoa, pikipiki inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Hizo ni faida za kweli, na zimewafanya watu wengi waridhike na vifaa vya aina hii kwa miaka mingi.

Kasoro ilikuwa kwamba sensa za oksijeni ziliachwa zikifanya kazi kama zamani. Kisanduku kiliongeza mafuta kwenye mwendo tulivu, sensa zikasema mchanganyiko ni mzito, kompyuta ikapunguza, na baada ya muda mfupi injini ikawa imerudi pale pale. Mwenyewe aliandika kwenye daftari kwamba siku ya kwanza pikipiki ilitulia, na siku chache baadaye ikarudia tabia yake. Hakuwa akijidanganya. Kompyuta hujifunza, huhifadhi masahihisho yake, na inahitaji muda wa kuendeshwa ili kuyakamilisha. Kisanduku kilibaki na faida pale tu alipofungua mafuta kwa nguvu, kwa kuwa hapo sensa hazisikilizwi. Alikuwa amelipia suluhisho la mwendo tulivu, akapata suluhisho la mbio.

Watengenezaji wa visanduku wanalijua hili, na wengi hutoa namna ya kulishughulikia: vichomekeo vya kuzitenga sensa za kiwandani, au moduli yenye sensa za masafa mapana inayochukua nafasi yake. Vichomekeo hivyo vilikuwa ndani ya boksi la kifaa chake, bado kwenye mfuko wao wa plastiki.

Awamu ya pili: kemshafti

Badala ya kumaliza tatizo la kwanza, aliongeza la pili. Alifunga kemshafti yenye muda mrefu zaidi wa kufungua valvu, na wenye mwingiliano mkubwa zaidi, yaani kipindi ambacho valvu ya kuingiza na ya kutoa ziko wazi kwa pamoja. Kemshafti ya namna hii inaijaza silinda vizuri kwenye mizunguko ya kati na ya juu. Bei yake hulipwa chini: injini ikizunguka taratibu, moshi uliokwisha kuungua hurudi ndani, mvuto wa hewa hupungua, na shinikizo kwenye njia ya kuingilia huyumba.

Hapa ndipo kisanduku kilipofika mwisho wa uwezo wake, na sababu ni zaidi ya mafuta. Kompyuta inayohesabu hewa kwa shinikizo, ikikuta shinikizo limepanda wakati injini haina kazi, hudhani injini imebeba mzigo. Inaongeza mafuta na kuirudisha nyuma taimingi ya moto, yaani wakati plagi inapotoa cheche. Lakini silinda iliyochanganyika na moshi wa zamani huungua polepole, inataka moto uwahi, usichelewe. Kwenye mizunguko ya kati hali ni kinyume: silinda sasa inajaa kuliko zamani, na taimingi ile ile ya kiwandani inakuwa ya mapema mno, injini inagonga, yaani mchanganyiko unalipuka vibaya ndani ya silinda.

Vyote viwili vilitokea. Ikiwa na joto, pikipiki ilikuwa ngumu kuwaka, na ikisimama kwenye foleni ilikuwa ikitetemeka hadi kuzima. Akipanda mlima na abiria, akifungua mafuta kwenye mizunguko kama 2,800, alisikia mlio wa chuma kikavu ndani ya injini. Huo mlio ndio uliomleta kwetu, na alifanya vizuri kutouzoea. Injini inayogonga ikiwa na mzigo inaweza kutoboa pistoni bila onyo jingine.

Kisanduku chake hakikuwa na mkono unaofika kwenye taimingi. Vipo vyenye moduli ya taimingi kwa baadhi ya pikipiki. Hiki kilishika injekta tu. Ungeweza kuongeza mafuta mpaka mlio upungue, kwa kuwa mchanganyiko mzito hupoza, lakini huko ni kuficha kosa la moto kwa kumwaga petroli.

Njia tatu mezani

Ya kwanza ilikuwa kubaki na visanduku: kununua kikubwa zaidi chenye moduli ya taimingi na moduli ya sensa pana. Ya pili, kuiflashi kompyuta ya kiwandani, yaani kuingia ndani yake na kuandika upya majedwali yenyewe. Ya tatu, kuitoa kompyuta ya kiwandani na kufunga nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya injini zilizobadilishwa.

Hatukuanza na ubora wa vifaa. Tulianza na orodha ya vitu ambavyo lazima vifikiwe: jedwali la kujaa kwa silinda, kwa kila silinda peke yake, jedwali la taimingi, lamda inayolengwa, mipaka ya eneo ambalo kompyuta inazisikiliza sensa, na mafuta ya kuwashia injini ikiwa baridi na ikiwa moto. Kisanduku kikubwa kingefika kwenye mafuta na taimingi kwa kuzungusha amri, huku kompyuta nyuma yake ikiendelea kuamini injini ni ile ya zamani. Kila kosa lingesahihishwa juu ya kosa jingine.

Kompyuta mpya ingefika kila mahali. Tuliiacha kwa sababu mbili. Kompyuta ya kiwandani ya pikipiki hii inaongea kwenye waya mmoja na dashibodi, breki za ABS na mfumo wa kuzuia wizi, na mwenyewe ni mtu wa safari za mbali. Hitilafu ya mawasiliano huko aendako ingemwacha njiani. Sababu ya pili ni kwamba injini yake haikuwa imeuzidi uwezo wa kompyuta ya kiwandani.

Hilo la pili tulilipima, na inafaa nieleze namna, kwa kuwa watu wengi hununua injekta kubwa kabla ya kupiga hesabu hii. Injini ya mipigo minne inahitaji mizunguko miwili kumaliza kazi ya silinda moja. Kwenye mizunguko 5,500 kwa dakika, karibu na kikomo cha injini hii, hiyo ni milisekunde 21.8. Rekodi ilionyesha injekta ikiwa wazi kwa takriban milisekunde 15 mafuta yakiwa yamefunguliwa mpaka mwisho. Hiyo ni asilimia 69 ya muda uliopo. Mafundi wengi huanza kuwa na wasiwasi injekta inapokaribia asilimia 85, kwa kuwa zaidi ya hapo haipati nafasi ya kufunga vizuri. Injekta za kiwandani zilitosha, na pampu ilikuwa ikishikilia presha yake. Hapakuwa na sababu ya kununua kitu kingine.

Tukaamua kuflashi. Miongoni mwa vifaa vya kuflashi vinavyoikubali kompyuta hii, mwenyewe alichagua kwa kigezo ambacho wengi hukiruka: fundi wa mashine ya daino (ya kupima nguvu ya injini) aliyekuwa akipatikana alikuwa anaifahamu programu ya kifaa hicho na alikuwa na leseni yake. Kifaa kizuri kuliko vyote ambacho hakuna fundi wa karibu anayekijua kitakuacha na majedwali mazuri ya kutazama.

Aliambiwa mambo mawili kabla ya kulipa. Kifaa cha namna hii kwa kawaida hujifunga kwenye kompyuta ya kwanza kinayoiflashi, kwa hiyo hatakiuza kirahisi wala hatamwazima rafiki. Na kwenye nchi zenye sheria kali za moshi, kugusa majedwali ya utoaji wa moshi kwenye chombo cha barabarani ni kosa isipokuwa kifaa kimeidhinishwa. Agosti 2016 Harley-Davidson ilikubaliana na serikali ya Marekani kulipa faini ya dola milioni 12 na kuacha kuuza tyuna zilizopandisha utoaji wa moshi kuliko kiwango kilichothibitishwa. Tangu hapo tofauti kati ya tyuna iliyoidhinishwa kwa barabara na ile ya mashindano imekuwa kitu cha kusoma kwenye boksi kabla ya rangi yake. Mwenye pikipiki aliangalia sheria za kwao mwenyewe, akachukua toleo linalokubalika.

Kuflashi, na namba iliyokataa kukaa sawa

Siku ya kwanza haikuandikwa chochote kipya. Faili la kiwandani lilisomwa na kuhifadhiwa sehemu mbili. Chaja ilifungwa kwenye betri muda wote wa kazi, kwa kuwa umeme ukishuka katikati ya kuandika, kompyuta inaweza kufa. Kisanduku cha zamani kilitolewa kabisa. Kuwa na kisanduku juu ya kompyuta iliyoflashiwa ni kuwa na mafundi wawili wanaoseti injini moja bila kuonana.

Tulianza na faili la msingi la mtengenezaji wa tyuna, la injini yenye kemshafti na ekzosi zinazokaribiana na zake. Kisha zikahitajika sensa za masafa mapana, zinazosema lamda kwa namba kamili. Matundu ya kiwandani yalikuwa ya milimita 12, na sensa pana nyingi zina uzi wa milimita 18, kwa hiyo mabomba yalishushwa na matundu mapya yakachomelewa. Kazi hii huwa haitajwi kwenye matangazo ya tyuna.

Baada ya hapo mwenyewe aliendesha, kifaa kikarekodi, programu ikalinganisha lamda iliyolengwa na iliyopatikana, ikapendekeza masahihisho, tukayaandika, akaendesha tena. Kwenye mizunguko ya kati majedwali yalitulia upesi, kila mzunguko wa masahihisho ukiwa mdogo kuliko uliotangulia.

Silinda ya nyuma ilikataa. Kwenye kona ya chini ya jedwali lake, mafuta yakiwa karibu yamefungwa na injini ikiwa chini ya mizunguko 1,500, programu ilizidi kudai mafuta. Vyumba viwili vya jedwali vilipanda asilimia 20 na zaidi juu ya majirani zao. Silinda ya mbele, eneo lile lile, ilikuwa imetulia. Ukiitazama kwenye skrini ilikuwa nundu katikati ya uwanja, na hewa haiingii kwenye silinda kwa nundu. Ukubwa wa kujaa hubadilika kwa mteremko laini.

Tukatoa plagi. Ya mbele ilikuwa na rangi ya hudhurungi hafifu. Ya nyuma ilikuwa nyeusi, masizi makavu mpaka kwenye kauri, na ukiisugua kidole kinabaki cheusi. Rekodi ilisema silinda hii ina njaa ya mafuta, na plagi ilisema imezama ndani yake. Mahali namba na chuma vinapogombana namna hii, ni lazima ujue sensa inapima nini hasa. Sensa ya oksijeni haipimi mafuta. Inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Hewa ikipenya kwenye bomba kabla ya sensa, sensa inaiona, inasema mchanganyiko ni mwepesi, na programu inaongeza mafuta bila kikomo cha akili. Hata silinda inayokosa moto kabisa itasomeka nyepesi, kwa kuwa hewa yake inatoka ikiwa haijatumika.

Fundi alichukua mashine ya kufyonza vumbi, akaigeuza ipulize, akaifunga kwa kitambaa kwenye mdomo wa ekzosi injini ikiwa baridi, na kupaka maji ya sabuni kwenye kila ungio. Sabuni ilitoa povu kwenye gasketi ya bomba la nyuma, pale linapoingia kwenye kichwa cha injini. Alipolishusha, gasketi ilikuwa imekaa upande, na alama nyembamba ya masizi ilionyesha njia ya moshi. Ilikuwa hivyo tangu ekzosi ilipofungwa. Milipuko ya kuachia mafuta iliyolalamikiwa mwanzoni kabisa, kwa sehemu kubwa, ilikuwa ikitoka hapo.

Gasketi mpya ikawekwa, jedwali la silinda ya nyuma likarudishwa kwenye thamani za mwanzo, na safari hii nundu haikuota. Hata hivyo sehemu ya chini kabisa hatukuiachia programu. Mwingiliano wa valvu husukuma hewa safi moja kwa moja kwenye ekzosi, na mabomba mafupi yaliyo wazi huruhusu hewa ya nje irudi nyuma injini inapozunguka taratibu, kwa hiyo sensa huko chini hudanganywa hata pasipo uvujaji. Vyumba hivyo vilisetiwa kwa mkono: punguza mafuta kidogo kidogo, angalia shinikizo la kuingilia lishuke na mzunguko utulie, simama pale injini inapoanza kusita, rudi hatua moja.

Taimingi ikaja mwisho, mafuta yakiwa yamekaa sawa. Kompyuta hii ina uwezo wa kuhisi kugonga na kuirudisha taimingi yenyewe, na rekodi zilionyesha ikirudisha nyuzi (digrii) 4 hadi 5 kwenye eneo lile lile la mlima na abiria. Tulitoa nyuzi 3 kwenye jedwali hapo, tukapima, tukatoa 1 zaidi. Huko chini, pikipiki ikiwa imesimama na injini inanguruma, tuliongeza nyuzi chache na mtetemo ukapungua. Mafuta ya kufungua mpaka mwisho yalimalizwa kwenye daino, lamda 0.88, na kazi hiyo sikukubali ifanyike barabarani.

Matokeo

Pikipiki inawaka ikiwa moto kwa mguso mmoja. Kuvuta na kulegea kwenye mwendo tulivu kumekwisha. Rekodi za kupanda mlima na mzigo zinaonyesha kompyuta hairudishi taimingi tena, ila mara chache siku ya joto kali, na hapo inarudisha uzi mmoja. Mchoro wa daino ulionyesha bonde la torki (nguvu ya kuzungusha) lililokuwa kati ya mizunguko 2,500 na 3,000 limejaa. Kilele cha nguvu kilipanda kidogo, lakini bonde ndilo analolihisi mwenyewe kila siku.

Hayakuisha yote. Pikipiki ikiwa imesimama na injini inanguruma, bado inanuka petroli zaidi kidogo kuliko ya kiwandani, na kwa kemshafti ile itaendelea kunuka. Mzunguko wa injini pikipiki ikiwa imesimama ulipandishwa hadi 1,000 kwa dakika ili shinikizo la mafuta ya kulainisha na mtetemo vikae pazuri. Milipuko ya kuachia mafuta imepungua sana bila kwisha, na mwenyewe alikataa tuimalize kwa kuongeza mafuta zaidi. Nilikubaliana naye.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi katika kisa hiki kilikuwa orodha ya vitu vya kufikiwa. Ilipoandikwa, njia tatu zilijichuja zenyewe, na hatukutumia muda kubishania majina ya kampuni. Laiti ingeandikwa mwanzo, kisanduku kisingenunuliwa, kwa sababu kemshafti ilikuwa tayari kwenye mipango yake wakati anakinunua. Tyuna huchaguliwa kwa injini itakavyokuwa mwisho wa mabadiliko. Aliyebadilisha ekzosi na chujio tu, asiyetaka kugusa ndani ya injini na anayetaka kuweza kurudisha kila kitu kiwandani, kisanduku kinamtosha kabisa, mradi suala la sensa limeshughulikiwa. Simwambii mtu huyo aende kuflashi.

Gereji ya kwanza ilishindwa kwa mambo mawili ya kawaida mno: vichomekeo vilivyobaki kwenye mfuko, na gasketi iliyokaa upande. Hakuna hata moja linalohitaji kompyuta. Naliweka wazi kwa kuwa fedha nyingi za tyuna hutumika kutibu uvujaji wa hewa, plagi zilizochoka na betri dhaifu. Ukaguzi wa maungio kwa sabuni ulipaswa kufanyika siku ekzosi ilipofungwa, na sisi upande wetu sasa hatuanzi kurekodi pikipiki yoyote kabla ya kuufanya.

Kuhusu programu ya kujiseti, msimamo wangu ni thabiti. Ni mfanyakazi hodari kwenye mizunguko ya kati na mizigo ya kati, mahali moshi unatembea mbele mfululizo na sensa inasema kweli. Nje ya hapo inahitaji mtu. Anayeiuza kwa maneno kwamba unaifunga, unaendesha na umemaliza, anamuuzia mteja plagi nyeusi. Kipimo rahisi ni umbo la jedwali: vyumba jirani vipishane kidogo kidogo. Chumba kinachojitenga kinadai ukakitafutie sababu kwenye chuma kabla hujakikubali kwenye skrini.

Mpangilio wa mafuta kwanza, taimingi baadaye, ulitulinda. Tungeigusa taimingi wakati silinda ya nyuma inamwagiwa petroli kupita kiasi, tungepata namba zilizoonekana salama, kisha siku gasketi ingetengenezwa na mchanganyiko kurudi kawaida, injini ingegonga tena na hakuna ambaye angejua kwa nini.

Kuna uamuzi mmoja ambao bado tunabishana nao kwa nia njema, mimi na fundi wa daino. Yeye aliona sensa finyu zirudishwe na kompyuta iachiwe ijisahihishe kwenye mwendo tulivu. Mimi nilipenda ijisahihishe lakini isiguse eneo lililo chini ya mizunguko 1,500, pale sensa inapodanganywa. Mwenyewe alichagua la pili. Hoja ya fundi ina uzito wake: kadiri kompyuta inavyojisahihisha mahali pengi, ndivyo injini inavyovumilia mafuta ya viwango tofauti njiani. Kwa kemshafti ndogo kuliko hii ningemfuata yeye.

Mwenye pikipiki ameuliza kama atafunga throto bodi (mlango wa hewa wa injini) kubwa zaidi msimu ujao. Ameambiwa kwamba tyuna aliyonayo itaimudu, kwamba injekta zipimwe tena kwa hesabu ile ile ya milisekunde, na kwamba majedwali ya sasa yote ya kujaa kwa silinda yatakuwa hayafai siku hiyo hiyo. Bado anafikiria.